Kufundisha Hifadhi ya Mimea: Mfano wa Okidi za Kitulo

Mtoto wa Tarime au Serengeti akiulizwa maana ya hifadhi hutaja nyumbu, simba na tembo. Si ajabu, kwani Hifadhi ya Taifa ya Serengeti i jirani naye. Lakini mwalimu wa sayansi hana budi kumfahamisha kuwa mimea nayo huhitaji ulinzi, tena kwa sababu zinazoelezeka darasani. Tunapendekeza mfano wa okidi za Kitulo.

Kitulo ni uwanda ulio katika Nyanda za Juu za Kusini, wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Aina za okidi peke yake zinazidi 40. Baadhi zina viazi vidogo ardhini, ambavyo huchimbwa na kupelekwa Zambia. Huko hutwangwa, vikachanganywa na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Biashara hiyo imepunguza sana okidi za nyanda hizo.

Kwa nini basi okidi zisipandwe kama maharagwe? Mwalimu aanze na kile wanachokijua watoto. Wapasue maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, waone akiba ya chakula inayolisha chipukizi. Kisha apeperushe unga kidogo kutoka kiganjani. Mbegu ya okidi ni ndogo mithili ya vumbi hilo, wala haina akiba. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu ya kuilisha. Ndiyo maana tunda moja hutoa maelfu ya mbegu, na zinazoota zikawa chache mno.

Hatua ya pili ni viazi. Okidi za namna hii kwa kawaida huwa na viwili: cha zamani, kinacholisha shina la mwaka huu, na kipya, kitakachotoa shina la mwakani. Mwalimu avichore ubaoni, avifute vyote kama afanyavyo mchimbaji, kisha aulize: “Mwakani mmea utachipua kutoka wapi?” Awape watoto nafasi ya kufikiri, wala asiwatangulie kwa jibu.

Tunatoa tahadhari moja. Mwalimu asiwatume watoto kung’oa okidi porini ili kupata vielelezo. Picha na maharagwe vyatosha. Somo la hifadhi lisianze kwa uharibifu.