Kikosi cha mawaziri kikipangwa Mandewa

Shabiki wa Mandewa, Singida, haombwi kupanga kikosi. Timu ikipigwa mechi tatu mfululizo, jioni ileile kipa kashatemwa na kocha kafukuzwa. Basi apewe kazi ngumu zaidi: chama tawala kinayumba, apange Baraza la Mawaziri.

Kwanza, kanuni za usajili. Katiba inataka waziri awe mbunge, na Rais anateua wabunge wasiozidi 10. Vifaa vipya ni hivyo tu, wengine anawakuta kambini.

Golini anakaa Fedha. Huyu hatakiwi kupiga chenga, azuie hela isivuje. Mabeki wanne ni Maji, Afya, Elimu na Kilimo. Mkulima wa alizeti, kwenye mkoa mkame kama huu, anajua beki hawa wakilala nani anafungwa.

Kiungo mkabaji ni Tamisemi, mwenye halmashauri zote miguuni. Kitambaa cha unahodha ni cha Waziri Mkuu. Tangu Novemba 2025 anakivaa Mwigulu Nchemba, mtoto wa Iramba, hivyo Singida haina tena kisingizio kwamba nahodha haijui njia ya kwao.

Mbele wanasimama Ujenzi na Nishati. Lami na umeme vinaonekana, makofi ni yao, ndiyo maana kila mtu anagombea namba tisa.

Singida United inatosha kuwa somo. Mwaka 2018 ilicheza fainali ya Kombe la FA, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Majina makubwa hayakuiokoa.

Serikalini nako yapo. Februari 2008, Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, baraza zima likavunjika. Siku tano baadaye Rais Jakaya Kikwete akatangaza jipya. Mei 2012, baada ya ripoti ya CAG, akatema mawaziri sita. Fedha na Afya wakiwamo, yaani kipa na beki.

Katikati ya sub hizo, jukwaa lilishasema. Mwaka 2005 walipiga kura zaidi ya watu 7 kati ya kila 10 walioandikishwa. Mwaka 2010 hawakufika nusu.

Shabiki anayezomea bado anaipenda timu. Kocha aanze kuogopa siku viti vitakapokuwa vitupu.