Vivinjari vya Intaneti: Mashindano, Kuigana na Majina ya Kuazima



 Katika toleo la mwaka huu tumeona tuwaeleze wanafunzi wetu, pamoja na wazazi wao, juu ya chombo ambacho karibu kila nyumba inakitumia na wachache wanakijua kwa jina lake. Nacho ni kivinjari, au brauza kama wengi wanavyoita, yaani ile programu ya kompyuta au simu inayotufungulia kurasa za intaneti. Utamsikia mtu akisema "nimeingia Google", kumbe aliyemwingiza ni kivinjari, na Google ni mlango mmoja tu kati ya milango mingi aliyoweza kupelekwa.

Wanafunzi wa madarasa ya juu hutuuliza mara kwa mara: "Ustadh, kivinjari kipi ni bora? Chrome, Firefox, Opera, au hiki kilichokuja na simu?" Swali ni zuri, lakini jibu lake halieleweki mpaka mtu ajue vyombo hivi vimetoka wapi na vimegombania nini.

Katika somo la akhlaqi tumefundishana tofauti baina ya husda na ghibta. Husda ni kutamani neema aliyonayo mwenzio imwondokee. Ghibta ni kutamani nawe upate mfano wake, na yake ibaki kwake. Historia ya vivinjari inayo yote mawili, na mara nyingine yote mawili yamekaa ndani ya kampuni moja kwa wakati mmoja. (Kampuni haina moyo, tunajua, lakini wanaoiendesha wanayo.)

NDUGU WA NYUMBA MOJA

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba kazi ile ni ruhusa kwa kila mtu kuitumia na kuiendeleza bila malipo. Watu huipita habari hii haraka, na sisi tunaona ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata, kwani mashindano tutakayoyaeleza yalifanyika juu ya kiwanja kilichotolewa bure.

Mwaka huo huo wa 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kijana Marc Andreessen na mwenzake Eric Bina walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic. Kilikuwa chepesi kutumia, na kiliweka picha pamoja na maneno katika ukurasa mmoja. Watu wakakipenda sana. Mwaka 1994 Andreessen akashirikiana na mfanyabiashara Jim Clark kuanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Netscape, na kivinjari chao, Netscape Navigator, kikatoka mwisho wa mwaka huo. Upande wa pili, kampuni ya Spyglass ilikuwa na leseni ya Mosaic, nayo Microsoft ikanunua haki kutoka kwa Spyglass na mwezi wa Agosti 1995 ikatoa Internet Explorer. Kwa hiyo mmoja aliwachukua watu wa Mosaic na mwingine akaichukua leseni yake. Mahasimu wale wawili walikuwa ndugu.

Na kwa muda walishindana kwa namna iliyotunufaisha sote. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kijikumbusho kidogo ambacho tovuti hukiacha ndani ya kompyuta yako ili ikikuona tena ikutambue. Wenyewe walikiita kwa jina la biskuti, na hadi leo kuna mzozo juu yake, kwa kuwa kinachokutambua huweza pia kukufuatilia. Mwaka 1995 Brendan Eich, wa Netscape vile vile, aliandika kwa muda wa siku kumi hivi lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo inayozipa kurasa uhai wa kujibu unapobonyeza. Mwaka uliofuata Microsoft wakatoa ya kwao inayofanana nayo. Lakini usidhani Microsoft waliiga tu. Mnorwe Håkon Wium Lie alikuwa amependekeza mwaka 1994 lugha ya kupanga sura ya ukurasa, yaani rangi, herufi na nafasi, iitwayo CSS, na katika vivinjari vikubwa vya biashara ni Internet Explorer ya mwaka 1996 iliyotangulia kuipokea. Tena mwaka 1999 Microsoft wakaweka njia ya ukurasa kuomba habari mpya kimya kimya bila kujifungua upya wote. Wengine wakaiiga, na Google wakaijengea barua pepe yao ya mwaka 2004 na ramani zao za mwaka 2005. Ukiisogeza ramani kwa kidole na barabara nyingine zikatokea zenyewe, unatumia wazo la Microsoft ndani ya nyumba ya Google.

PALE GHIBTA ILIPOGEUKA

Mwezi wa Oktoba 1997, Microsoft walipotoa toleo la nne la kivinjari chao, baadhi ya wafanyakazi wao waliibeba usiku alama kubwa ya herufi "e" wakaiweka kwenye bustani ya ofisi za Netscape. Asubuhi watu wa Netscape wakaiangusha na kuisimamisha juu yake sanamu ya mjusi mkubwa, ambaye ndiye alama yao. Hayo ni mizaha. Lililokuwa zito ni kwamba Microsoft walikitoa kivinjari chao bure na kukifunga ndani ya Windows, na wakaingia mikataba na watengenezaji wa kompyuta iliyomwachia mwenzao nafasi finyu. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ikawashitaki. Mahakama iliwakuta na hatia ya kuulinda ukiritimba wao kinyume cha sheria, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikalithibitisha hilo, ingawa ilifuta amri ya kuigawa kampuni hiyo vipande viwili. Lakini Netscape ilikwisha kuuzwa kwa kampuni ya AOL, na watumiaji wake walikuwa wamekwisha kuondoka.

Sasa tazameni kilichofuata. Internet Explorer 6 ilitoka mwaka 2001. Miaka michache baadaye zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliotumia intaneti walikuwa wakitumia kivinjari cha Microsoft. Na toleo la saba lilitoka lini? Oktoba 2006. Miaka mitano! Mshindani alipoondoka, mshindi naye akalala. Katika muda huo virusi viliingia kwa urahisi, madirisha ya matangazo yaliruka yenyewe usoni mwa msomaji, na watengenezaji wa tovuti wakaandika kurasa zinazofunguka katika kivinjari kimoja tu, kiasi kwamba mwenye kingine alizuiwa mlangoni. Mwaka 2001 tovuti ya msn.com, ya Microsoft wenyewe, iliwazuia kwa muda watu waliokuja na vivinjari vya wengine.

Huzuni yake ni kwamba hasara haikuwa ya Netscape peke yake. Ilikuwa ya kila mwanafunzi na kila ofisi.

Kilichookoa hali ni jambo ambalo Netscape walilitangaza Januari 1998, wakiwa wameshaanza kushindwa: waliamua kuyaweka wazi maandishi ya ndani ya programu yao ili mtu yeyote ayasome, ayarekebishe na kuyaendeleza. Kazi hiyo ikaitwa Mozilla, na kutokana nayo ikatoka Firefox tarehe 9 Novemba 2004. Mwezi uliofuata maelfu ya watu wa kawaida walichanga fedha kulipia tangazo lake katika gazeti la New York Times. Firefox ilizuia yale madirisha ya matangazo, na ilimwezesha mtu kufungua kurasa kadhaa ndani ya dirisha moja, kila moja na kichwa chake juu. Wazo hilo la kurasa nyingi halikuwa lao. Opera ya Norway na wengine wadogo walikuwa wameshalitumia kabla. Internet Explorer 7 ilipotoka ikawa nayo inalo. Na Firefox 2 ilipotoka Oktoba 2006, wale wa Internet Explorer waliwatumia wenzao wa Mozilla keki ya kuwapongeza. Mashindano yalikuwa yale yale, lakini adabu ilikuwa imerudi.

Opera tusiipite, maana ina haki kwetu. Hapa Afrika Mashariki wengi wa rika letu walianza kusoma intaneti kupitia Opera Mini kwenye simu ndogo za vitufe. Ukurasa ulipita kwanza kwenye seva za kampuni, ukakamuliwa mpaka ukawa mwepesi, ndipo ukaja kwenye simu, na kifurushi kidogo kikatosha kwa siku nyingi. Ila ifahamike kwamba anayekukamulia ukurasa ana uwezo wa kuuona. Kwa mambo ya siri kama benki, njia hiyo haifai.

SANADI YA AJABU

Kuna jambo ambalo mtu wa kawaida halioni. Kila kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti hujitambulisha kwa mstari mmoja wa maneno. Netscape ilijitambulisha kwa jina "Mozilla", na baadhi ya tovuti zikawa zinampa Mozilla kurasa nzuri na wengine kurasa duni. Internet Explorer ilipokuja ikaona itakosa, basi nayo ikasema: mimi ni Mozilla, na jina lake halisi ikaliweka ndani ya mabano. Tangu hapo kila mgeni akafuata mwendo huo. Wahandisi wa kujitolea wa mradi wa KDE waliandika injini iitwayo KHTML, nayo ikajitangaza kuwa ni mfano wa Gecko, ambayo ni injini ya Mozilla. Mwaka 2003 Apple wakaichukua KHTML kutengenezea Safari, wakaiita WebKit. Mwaka 2008 Google wakaichukua WebKit kutengenezea Chrome, na mwaka 2013 wakajitenga na kuiita Blink.

Leo ukiusoma mstari wa Chrome utakuta: Mozilla, kisha AppleWebKit, kisha maneno yenye maana ya "KHTML, mfano wa Gecko", kisha Chrome, na mwishoni Safari. Majina ya mahasimu wote yamo ndani ya salamu moja. Wanafunzi wa hadithi watakumbuka sanadi, ambapo kila mpokezi humtaja yule aliyemsikia kwa hakika. Mstari huu umechanganya: WebKit na KHTML ni wazazi wa kweli, Mozilla na Gecko wametajwa ili mlango ufunguliwe. Mbele ya maulamaa wa hadithi usingesimama hata kidogo! Lakini unatuonyesha kwamba hakuna hata kimoja kilichojengwa na mtu mmoja.

KIPI BORA BASI?

Mwaka 2013 Opera waliiacha injini yao wenyewe wakahamia ya Google. Desemba 2018 Microsoft wakatangaza kufanya hivyo hivyo, na Edge mpya ikatoka Januari 2020. Internet Explorer yenyewe ikaagwa Juni 2022. Brave, Vivaldi na kivinjari cha simu za Samsung vyote vimejengwa juu ya msingi huo huo wa Google. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka Chrome kwenda Opera amebadilisha rangi ya nyumba, nguzo ni zile zile. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Firefox, na Chrome peke yake inatumiwa na zaidi ya nusu ya watu wote.

Hatusemi kwamba Google wamelala kama walivyolala wale wa 2001. Chrome hurekebishwa kila baada ya wiki chache. Hofu yetu ni ile ya tovuti kuandikwa kwa ajili ya mmoja, na mmoja huyo kuwa muuzaji mkubwa wa matangazo. Agosti 2024 jaji wa Marekani aliamua kwamba Google ni mkiritimba katika utafutaji wa habari mtandaoni. Kesi ilionyesha kuwa mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza katika simu na vivinjari vya wengine. Septemba 2025 jaji huyo akakataa kuiamuru iiuze Chrome. Na ajabu nyingine ni kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, yule mpinzani, hutoka kwa malipo hayo hayo ya Google.

Ushauri wetu kwa wanafunzi ni kuwa na vivinjari viwili vya injini tofauti, Chrome na Firefox kwa mfano, vyote bure. Ukurasa ukikataa katika kimoja, ujaribu katika kingine kabla ya kusema simu ni mbovu. Kivinjari kisasishwe kila kinapoomba, na kipakuliwe kutoka kwa wenyewe au duka la programu la simu, si kwa faili la kurushiwa na rafiki. Kwa wazazi tunaongeza hili: kivinjari huhifadhi maneno ya siri na orodha ya kurasa zilizotembelewa, kwa hiyo anayetumia kompyuta ya kukodi au simu ya mwenziwe afute vitu hivyo kabla ya kuinuka.