Mwenzako wa kukimbia ni sehemu ya tiba

Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari hutoka kliniki na vitu viwili: dawa na agizo la kufanya mazoezi. Dawa huendelea kumezwa. Mazoezi huanza kwa kishindo, kisha baada ya wiki mbili tatu raba zinarudi uvunguni. Ukiuliza sababu, wengi hawasemi kwamba mazoezi yalikuwa magumu. Watakuambia walikuwa peke yao, waliona aibu kutazamwa, au kulikuwa na baridi asubuhi na hapakuwa na wa kuwagongea mlango.

Baridi ya asubuhi wakazi wa Gehandu na vijiji vingine vya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, wanaijua vizuri. Wanajua pia sifa ya eneo lao katika riadha. Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Canada, mwaka 1978, na miaka minne baadaye akashinda mita 10,000 mjini Brisbane, Australia. Mwaka 2022, Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia marathoni ya Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3.

Sifa hiyo ni fahari, ila humfanya mama wa miaka 50 mwenye presha aone kukimbia ni kwa vijana wanaotafuta medali. Akionekana barabarani na raba, anahofia kuchekwa.

Wapo pia wanaouliza: mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri akimbie kwa nini? Ni swali la haki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu. Kulima, kuchunga na kutembea kwa haraka vinahesabiwa. Lakini muuza duka, dereva wa bodaboda na karani hukaa siku nzima. Hata mkulima hupata miezi ambayo shamba halina kazi.

Kama wewe ni mmoja wao, usitafute kikundi kikubwa. Tafuta mtu mmoja: jirani, mwenza wako, au yule mnayekutana naye kwenye foleni ya kliniki. Kubalianeni siku, saa na mahali pa kukutania. Ukijua kuna mtu anakusubiri njia panda kwenye baridi, utaamka.

Kisha wekeni sharti moja: mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote ndiye anayepanga kasi. Kipimo chake ni mazungumzo. Mkiweza kuongea bila kukatika pumzi, mwendo unafaa. Mmoja akishindwa kumaliza sentensi, wote punguzeni. Wanaoanza watembee kwa haraka dakika 5, kisha wakimbie taratibu dakika moja na kutembea dakika mbili, wakirudia kwa dakika 20, siku tatu kwa wiki. Wiki zikienda, mtaongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo.

Maneno nayo yana uzito. Kumwambia mtu "umenenepa sana" hakumpi nguvu. Mwambie, "Juzi tuliishia kanisani, leo tufike shuleni." Na asipotokea mara mbili mfululizo, mpitie nyumbani. Huenda anaumwa, huenda dawa zimemwishia.

Kabla ya kuanza, mwenye shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo au pumu aonane na daktari, na mjamzito aulize kliniki. Shinikizo lililofika 180/110 au zaidi lishushwe kwanza kwa matibabu.

Hapa ndipo mwenza anapoweza kuokoa maisha. Mwambie ugonjwa wako na dawa unazotumia. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari abebe glukosi au sukari. Akianza kutetemeka, kutokwa na jasho jingi au kuongea asivyoeleweka, simameni mumpe sukari maadamu anaweza kumeza. Akipoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Mgonjwa wa kisukari akague miguu yake kabla na baada ya mazoezi, na akiwa na kidonda asikimbie. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kutafuta matibabu.

Kwa wazazi, mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mwendo wa kwenda shule na michezo ya uwanjani vinaingia humo. Msimlazimishe kufukuzia medali. Akilalamika maumivu ya goti au kisigino yasiyoisha, mpumzisheni na mumpeleke kituo cha afya. Mwenye pumu acheze na wenzake akiwa na dawa yake ya kuvuta, na mwalimu ajue. Binti anayependa kukimbia atafutiwe wenzake wa kwenda nao, badala ya kukatazwa kwa sababu njia ina upweke.

Mkimbiaji wa Mbulu anayekumbukwa zaidi duniani hakushinda siku hiyo. Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka akaumia goti na bega. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 walimaliza, na yeye alikuwa wa 57, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Daktari hatakushauri ukimbie na goti lililoumia hivyo. Lakini giza lilikuwa limeingia, na uwanjani walikuwepo watu waliobaki wakampigia makofi wa mwisho.

Kijijini kwako yupo anayekimbia wa mwisho, au anayetaka kuanza lakini anaona haya. Mpitie jioni ya leo, mpange saa ya kukutana kesho.