Ukiambiwa Upunguze Uzito, Usiache Njiani



Tunao wenzetu hapa Chienge na Nchelenge ambao daktari amewaamuru wapunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu au kisukari. Wengi huanza, kisha huacha. Tumeona si uvivu, ni maneno ya watu: mtu akipungua kilo tano, mtaa mzima humsingizia UKIMWI. Waambieni jamaa na majirani mapema kwamba ni amri ya daktari.

Nshima haikukatazwa. Punguzeni bonge, ongezeni kisamvu. Samaki wa Mweru tunao. Wachemsheni au wachomeni, kwani kijiko kimoja cha mafuta kina kalori zaidi ya 100. Munkoyo wenye sukari nyingi nao huponza wengi.

Pimeni kwa mizani ile ile, mara moja kwa wiki. Mwenye kilo 90 akishusha 5 tu, afya yake huanza kupata nafuu.

Anayetumia insulini asipunguze chakula ghafla bila kumwambia daktari. Sukari yaweza kushuka mno, akaanguka mbele ya mashine.

Siku ya kliniki ikigongana na zamu, mwoneni mwakilishi wa chama mapema, si baada ya kukatwa mshahara.