Rangi na Kivuli Katika Picha za Kuchora kwa Simu na Kompyuta

Siku hizi vikundi vingi vina kijana mmoja au wawili wanaojua kuchora kwa simu au kwa kompyuta. Hiyo ni baraka. Badala ya kungoja picha za mafundisho kutoka mjini, kikundi kinaweza kujichorea picha ya kunawa mikono, ya kutengeneza mboji, au karatasi ya kubandika kwenye chupa za asali. Programu za kuchorea kama Krita na GIMP hazilipiwi hata senti.

Lakini picha inaweza kupendeza kwenye kioo cha simu, halafu ikichapwa haifundishi kitu. Mara nyingi shida huwa ni mbili: rangi na kivuli. Tuziangalie moja moja.

Rangi ya kioo si rangi ya karatasi

Ukichanganya rangi ya maji nyekundu na kijani, utapata kitu kama matope. Lakini kwenye simu, nyekundu na kijani zikikutana zinatoa manjano. Mbona hivyo? Ni kwa sababu simu haitumii rangi ya kupaka, inatumia mwanga. Kila nukta ya kioo ina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na bluu. Kila taa huwekwa kiwango kutoka 0, yaani imezimwa, hadi 255, yaani inawaka kabisa. Zote tatu zikiwa 255 unaona nyeupe. Zote zikiwa 0 unaona nyeusi.

Mashine ya kuchapa haina mwanga. Ina wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ndiyo maana kijani inayong'aa sana kwenye simu hutoka imefifia kwenye karatasi. Kwa hivyo msilipie nakala mia moja kwa mara moja. Chapeni moja kwanza, muitazame nje kwenye mwanga wa jua, halafu mrekebishe.

Jambo lingine ni ukubwa. Kabla ya kuanza picha ya karatasi ya A4, weka nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Ukianza na picha ndogo kisha uivute iwe kubwa, itatoka na ukungu.

Picha ikitolewa fotokopi

Hapa ndipo penye hatari. Vijijini picha nyingi huishia kwenye fotokopi ya nyeusi na nyeupe. Chukua mfano wa utepe ambao wahudumu wa afya hutumia kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano. Kuanzia 12.5 ni kijani.

Sasa tuseme mchoraji wenu amechora huo utepe kwa kufundishia akina mama. Ameweka nyekundu ya 255 na kijani ya 128. Kwenye simu zinatofautiana kama mchana na usiku. Lakini kompyuta ikizigeuza kuwa kijivu, nyekundu inakuwa 76 na kijani inakuwa 75. Ni kitu kimoja! Mama akitazama fotokopi hiyo hawezi kujua sehemu ya hatari ni ipi na ya usalama ni ipi.

Tena kuna watu, hasa wanaume, waliozaliwa wakiwa hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Hao hata ukiwapa picha ya rangi, shida ni ile ile.

Dawa iko, na ni rahisi:

1. Chagua rangi kwa weusi na weupe wake, si kwa jina lake tu. Ukipunguza hiyo nyekundu hadi 150 na kuongeza kijani hadi 190, kijivu zake zinakuwa kama 45 na 112. Manjano iliyowaka kabisa huwa 226. Sasa zote tatu zinaonekana tofauti.

2. Andika neno ndani ya kila sehemu: HATARI, TAHADHARI, SALAMA. Au weka alama, kama mistari sehemu moja na madoa nyingine.

3. Kabla ya kuchapa, punguza ukolezi wa rangi mpaka picha ibaki kijivu tupu. Kama bado inaeleweka, iko tayari.

Na jamani, picha ya utepe ni ya kufundishia tu. Mtoto apimwe kwa utepe wenyewe.

Kivuli ndicho kinachotoa umbo

Chora duara ulipake rangi moja. Litabaki duara. Ukiweka kivuli upande mmoja, limekuwa chungwa. Hiyo ndiyo kazi ya kivuli: kumwonyesha mtu kwamba kitu kina unene, kina mbele na nyuma.

Amua kwanza jua liko wapi, tuseme juu upande wa kushoto. Basi kila kitu katika picha kitakuwa na mwanga upande huo na kivuli kulia. Ukiweka kivuli cha nyumba huku na cha mti kule, mtazamaji atachanganyikiwa hata kama hajui kwa nini.

Rangi tatu zinatosha kwa kila kitu: ya kawaida, moja iliyo nyeupe zaidi, na moja iliyokolea zaidi. Kwa kitu cha mviringo kama chungu, kivuli kiingie polepole. Kwa kitu chenye kona kama sanduku, kivuli kikatike penye kona. Usisahau kivuli kinachoanguka chini. Bila hicho, chungu kitaonekana kinaelea hewani.

Weka kivuli kwenye tabaka lake. Tabaka ni kama karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, iliyolazwa juu ya mchoro. Ukikosea, unafuta hiyo tu na mchoro wa chini hauguswi.

Nyuso za watu wetu

Wachoraji wengi hutia kivuli cha uso kwa rangi nyeusi. Uso wa kahawia ukitiwa nyeusi, kisha ukatolewa fotokopi, macho na mdomo hupotea. Picha ya mama akimnyonyesha mtoto inabaki doa moja jeusi. Tumia kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo. Acha mwanga kwenye paji la uso, juu ya pua na kwenye mashavu. Pia iache rangi ya nyuma ya kichwa iwe nyeupe-nyeupe ili uso ujitokeze.

Kwa mkutano wenu ujao

Chukueni picha moja mnayotumia kufundishia, mtoe fotokopi, kisha mjadiliane:

- Mtu asiyejua kusoma ataelewa nini kwenye hii picha?
- Ni sehemu zipi zimefanana na hazifai kufanana?
- Mwanga unatoka upande gani? Je, ni mmoja kwa vitu vyote?
- Nyuso za watu zinaonekana vizuri?

Mwonyesheni pia nyanya au babu ambaye hakuwa nanyi mlipoichora, na msimweleze kitu. Akiisoma sawasawa, chapeni. Asipoielewa, msimlaumu macho yake. Rudini kwenye mchoro.