Sura ya Sita: Vistari Vimejaa, Video Haifunguki

Ukikaa jioni karibu na soko la Nansio, kisiwani Ukerewe, au kwa fundi simu anayesubiri mteja wa mwisho, utasikia maoni yale yale kuhusu mtandao. Netiweki imejaa ila haivuti. Mvua ikinyesha tu, kwisha habari. Simu za siku hizi hazishiki kama zile za tochi. Bando linaliwa hata simu ikiwa mfukoni. Tukipata intaneti ya Wakenya, ya dishi, tutapumzika.

Wapo wanaozichukulia kauli hizi kuwa porojo za kijiweni. Mimi naziona kuwa vipimo. Mvuvi wa Ukerewe anayeshika simu kila siku, kwa miaka, ameona mengi kuliko mhandisi anayepita kisiwani mara moja kwa msimu. Mara nyingi tukio ameliona sawasawa. Kinachokosewa ni chanzo. Na chanzo kikikosewa, lawama huenda kwa asiyehusika na fedha huishia kwenye simu mpya isiyotibu kitu.

Tuanze na vistari vya juu ya kioo. Mnara hutangaza ishara yake muda wote, hata kama hakuna anayeutumia, na simu hupima nguvu ya ishara hiyo. Kipimo chake ni dBm, namba hasi: kwenye 4G, -80 ni nzuri sana, -115 ni karibu na kupotea. Kila hatua ya 10 ni tofauti ya mara kumi ya nguvu. Ila hakuna kanuni inayowalazimisha watengenezaji wote wachore vistari kwa namna moja. Kampuni moja inaweza kuchora vinne pale ambapo nyingine inachora viwili. Kwa hiyo ubishi kuhusu simu za Tecno na Samsung, ipi inashika zaidi, hauamuliwi kwa kuziweka simu mezani na kuhesabu vistari. Fungua mipangilio, nenda kwenye taarifa za simu, kisha hali ya laini. Kwenye simu nyingi namba yenyewe iko hapo.

Hata namba hiyo ikiwa nzuri, haisemi lolote kuhusu nafasi. Taa za kivuko zikionekana vizuri kutoka ufukweni hujui bado kama ndani kuna pa kukaa. Mnara hugawa huduma kwa pande, kwa kawaida tatu, na kila upande una kipande chake cha masafa. Kwenye 4G, kipande cha MHz 20 na antena mbili, mambo yote yakiwa safi kabisa, hutoa takriban Mbps 150, nazo ni za watu wote wa upande huo kwa pamoja. Wakitazama video watu mia kwa wakati mmoja, kila mmoja anabaki na Mbps 1.5, hapo tumehesabu kwa ukarimu. Ndiyo maana saa mbili usiku duara linazunguka, na saa kumi alfajiri, ukiwa umekaa kiti kile kile na vistari vile vile, video inafunguka papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa ziwani wanapaswa kulijua. Simu iliyo mbali hupokea ishara dhaifu, kwa hiyo mnara huongea nayo polepole ili isipoteze maneno, na polepole hiyo hula muda ambao wengine wangeutumia. Nchi kavu vilima na miti hukata ishara mapema. Juu ya maji hakuna kinachoikata, na masafa ya chini kama MHz 700, 800 na 900 husafiri mbali sana. Mitumbwi ya dagaa, inayotoka usiku wa giza la mwezi, inaweza kushika mnara wa mbali kuliko mtu yeyote wa kijijini. Ni neema kubwa kwa usalama wa mvuvi, na sitaki apunguziwe hata kidogo. Ila mnara wa kisiwa unahudumia eneo pana kuliko kisiwa chenyewe, na anayepanga uwezo wake kwa kuhesabu kaya pekee atakuwa amepunja.

Sasa mvua. Masafa ya simu zetu, mengi yakiwa chini ya GHz 3, hayajali sana matone. Anayesema mvua inakata mtandao hata hivyo hasemi uongo. Mnara ambao haujafikiwa na nyaya za mkongo hupeleka mzigo wake mbele kwa sahani inayotazama sahani nyingine ng'ambo, mara nyingi kwa masafa ya juu zaidi, na kuanzia kama GHz 10 kwenda juu mvua kubwa hunyonya mawimbi hayo. Ongeza radi, kwa sababu Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi zaidi, na ongeza umeme unaokatika. Simu yako inauona mnara vizuri. Mnara ndio umepoteza njia ya kwenda Mwanza.

Na hata bila mvua, maji yenyewe ni mtihani. Ziwa likitulia, uso wake huakisi mawimbi. Sahani ya pili hupokea wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga maji, ambalo limesafiri njia ndefu kidogo. Kwenye GHz 7 wimbi lina urefu wa sentimita 4 na ushee. Tofauti ya njia ikibadilika kwa nusu ya hapo tu, mawimbi mawili yaliyokuwa yakisaidiana yanaweza kufutana. Joto la hewa juu ya maji likibadilika, mawimbi hupinda na tofauti ile hubadilika nayo, kwa hiyo kiungo hupanda na kushuka bila wingu hata moja angani. Dawa inajulikana: sahani mbili za kupokea kwenye mlingoti mmoja, kwa kimo tofauti, moja ikizidiwa nyingine ishike. Inagharimu fedha zaidi, basi.

Baada ya Mwanza safari bado ndefu. Mkongo wa Taifa huipeleka data hadi Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya tunachotazama hutoka ng'ambo kwa nyaya za chini ya bahari: SEACOM iliyoanza kazi 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo hakuna fundi wa Nansio anayeweza kukusaidia, ingawa kupiga simu ndani ya nchi, ambako hakuhitaji waya wa baharini, huendelea.

Lile dishi la Wakenya, yaani la Starlink, lililoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hukwepa minara na sahani za ng'ambo. Setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, wakati zile za zamani hukaa kilomita 36,000, ambako kwenda na kurudi kwa ombi moja hula karibu nusu sekunde. Lakini nafasi hugawanywa huko pia. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa.

Anayetaka ruta ya laini nyumbani aangalie kwanza nyumba yake. Bati ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Ruta iliyowekwa dirishani upande wa mnara hushinda ruta ghali iliyofichwa nyuma ya kabati. Akisoma tangazo la Mbps 10, agawanye kwa 8: ni MB 1.25 kwa sekunde. Kuhusu bando linaloliwa mfukoni, mara nyingi ni programu zinazojisasisha na WhatsApp inayopakua video za makundi. Vyote huzimwa kwenye mipangilio. Saa moja ya video ya HD yaweza kupita GB 1, na hapo hakuna aliyekuibia.

Penye haki ya kulalamika, lalamika kwa namba. Andika tarehe, saa, mahali, dBm, na kasi uliyoipima usiku na alfajiri. Peleka kwa mtoa huduma kwanza. Asipotatua, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Ishara ikiwa nzuri na kasi ikaanguka usiku tu, wanachotakiwa kuongeza ni masafa au mnara. Kasi ikianguka mvua inyeshapo au ziwa lituliapo, watazame kiungo cha kuvuka maji na umeme wa mnara.