Kinanda Kinachokumbuka

Kuna kinanda kidogo kiitwacho OP-1, kilichotoka Stockholm, Uswidi, mwaka 2011. Kina vibonye 24 tu vya sauti, lakini ndani mna utepe kama wa kaseti (si utepe wa kweli, ni tarakimu tupu) wenye njia 4 na dakika 6. Unarekodi besi kwanza, unaweka alama ya mwanzo na ya mwisho, nayo inajirudia huku ukiongeza ngoma juu yake. Kuna na Tombola, ninayoipenda mimi: noti huanguka kama gololi ndani ya umbo la pande sita linalozunguka, zikigonga ukuta, zinalia. Sisi wa shule ya kutwa kingetufaa sana. Mpiga besi akikimbilia matatu, besi yake inabaki. Ila mwimbaji akivuta pumzi, hakimngoji.